Wodi ya wanaume, hospitali kubwa ya serikali Unguja: nyota nne, na ile sindano ya mgongo naipa tano

Nawapa nyota nne. Ingekuwa naipima ile sindano ya mgongo peke yake na namna walivotufahamisha, ningewapa tano bila ya kusita. Jina la hospitali sitaji, ni ya serikali, iko Unguja, na wodi ni ya wanaume. Aliekuwa kalazwa ni kaka yangu, tulimleta kwa boti kutoka Pemba, na haya naandika kwa ruhusa yake, kasema andika labda kuna mtu atanusurika, ila jina langu liache. Alikuwa na homa ya uti wa mgongo, lakini sio ile ya bakteria ambayo wengi wetu tunaijua kwa sababu ya chanjo wanayochanjwa mahujaji, yake ilikuwa ya fangasi, wenyewe wanaita kriptokokasi. Mie sijapata kuusikia mpaka ulipoingia nyumbani.

Kichwa kilimuanza pole pole. Mwanzo anakunywa panadoli anakwenda zake baharini, baadae panadoli hazifui dafu, akiamka anatapika, mwanga unamuudhi, kutwa dirisha limefungwa. Homa ipo lakini sio kali. Shingo haikukaza, na hapo ndo watu wengi wanapotea maana tumezoea kusikia uti wa mgongo lazima shingo ikaze, kumbe huu wa fangasi shingo inaweza ikawa laini kabisa na ugonjwa umeshafika mbali. Kila tulipompeleka wanasema taifodi, malaria hamna, dawa za taifodi, wiki inayofuata tena taifodi, kuna sehemu moja wakamchoma sindano sijui ya nini akapata nafuu kidogo halafu kikarudi kwa kishindo kuliko mwanzo. Hakuna hata mmoja aliemuuliza kama kuna dawa anatumia kila siku, au alikuwa anatumia akaziacha. Kaka alikuwa anatumia ARV, akaziacha, na ule ndo ulikuwa mlango wenyewe. Swali moja tu lingefupisha safari yote ile, na mpaka leo linaniuma.

Alipoanza kuona watu wawili wawili na kusema maneno yasiyoeleweka nyumbani ikawa ni mambo ya kusomewa, na kusomewa hakuna ubaya, mie mwenyewe nilikaa nikasoma, lakini mama mdogo ambaye ni mkunga mstaafu akasimama akasema huyu apelekwe hospitali leo leo, kisomo kitaendelea huko huko. Allah amzidishie umri. Tukapata barua ya rufaa, asubuhi yake tuko Mkoani bandarini na mgonjwa kwenye kiti.

Sasa huduma. Mapokezi tulikaa sana kwenye benchi, hilo nitalisema mbele. Wodini tukapokewa na dokta mmoja wa kike, bado kijana, na swali lake la kwanza ndo lilonifanya nijue hapa tumefika kwa mtu anaejua kazi yake, aliuliza kichwa kina wiki ngapi, hakuuliza siku ngapi. Baadae akatueleza kwamba ile homa ya uti wa mgongo ya bakteria inakwenda mbio, asubuhi mtu hana kitu na usiku yuko mahututi, lakini ya fangasi na ya kifua kikuu zinatambaa kwa wiki. Akamulika ndani ya macho kwa kitochi chake, akamwambia asukume mikono, asukume miguu, anaangalia kama kuna upande umelegea. Akauliza dawa. Hapo kaka akawa hawezi kujibu, nikajibu mie, na yule dokta hakubadilisha hata uso, akaandika tu akaendelea.

Halafu akasema tunahitaji kutoa maji ya mgongo.

Mama akasema hapana. Alisema kwa adabu lakini alisema hapana ya kweli, "mwanangu, huyu akipoozeshwa nitakuja kumbeba mie?", na sio yeye peke yake, ndugu wa mgonjwa wa kitanda cha jirani nae akadakia kuna mtu wa kwao katolewa maji hajasimama tena. Kila mtu visiwani ana mtu wake wa namna hiyo. Nimeshasikia watu wamekataa, wakasaini, wakaondoka na mgonjwa wao, wakazika.

Yule dokta angeweza kutupa fomu ya kukataa na kwenda zake, wagonjwa wako tele wanamsubiri. Hakufanya hivo. Alivuta kiti akakaa chini kabisa ya usawa wa mama, akageuza karatasi nyuma akachora uti wa mgongo. Akamwambia "mama, ule uti wenyewe unaouogopa haushuki mpaka chini, kwa mtu mzima unaishia hapa, pingili ya kwanza au ya pili ya kiuno. Sindano yangu inaingia huku chini, kati ya ya tatu na ya nne au ya nne na ya tano. Hapa pana nyuzi za mishipa tu zinaelea, tia tambi ndani ya bakuli la maji halafu uzichokoe na sindano, zitakukimbia." Mama akacheka kidogo, mara ya kwanza toka tumetoka Pemba. Halafu akamwambia na mabaya yake, hakuficha, kwamba anaweza kuumwa kichwa cha namna nyengine siku kadhaa, mgongo utamuuma, na mara chache sana damu kutoka au kuingia vijidudu, ndo maana anavaa glavu na kusafisha namna ile. Na wale wanaosemwa wamepoozeshwa, akasema, wengi huwa ugonjwa wenyewe umeshawapiga kabla hawajafika, sindano inakuja kulaumiwa kwa sababu ndo kitu cha mwisho watu walichokiona. Kitu hichi si kigeni wala si majaribio, Heinrich Quincke wa Ujerumani alianza kutoa maji kwa njia hii mwaka 1891.

Mama akasaini kwa dole gumba.

Niliruhusiwa kubaki na nitaeleza nilichokiona maana nadhani watu wanaogopa wasichokiona. Alilazwa ubavu pembezoni mwa kitanda, magoti yamekunjwa kuja tumboni, kidevu kifuani, nesi kamkumbatia kwa mbele asinyooke. Wakasafisha, wakachoma ganzi, wakangoja. Sindano yenyewe ni ndefu na nyembamba. Kile kibomba cha kupimia presha ya maji hawakuwa nacho siku ile, basi dokta akaunganisha mpira wa dripu, akaushika wima, nesi kashikilia tepu ya kupimia pembeni, na sote tunatazama maji yanapanda ndani ya mpira. Kawaida yasipite sentimita 20. Yakapita 20, yakapita 30, yakaja kutulia 40 na kitu, yanapanda na kushuka kidogo kila akivuta pumzi. Dokta akasema kwa sauti ndogo, hichi ndo kichwa chake. Akayaacha yatoke tone tone kwenye vichupa, karibu mililita 25, akapima tena yakawa chini ya 20. Maji yenyewe hayana rangi wala ukungu, mtu asiejua angesema ni mazima.

Usiku ule kaka aliomba chai na boflo. Alikuwa hajaomba kitu kwa mdomo wake siku nyingi.

Hili ndo jambo ambalo nataka lifike kwa kila anaesoma. Sie tulidhani sindano ya mgongo ni kipimo tu, wanachukua maji wakatizame ugonjwa basi. Kwa huu ugonjwa wa fangasi ile sindano ni dawa yenyewe. Fangasi huyu amejivika utando mzito na anaziba zile njia ambazo maji ya ubongo yanarudia kwenye damu, kwahiyo maji yanatengenezwa hayana pa kwenda, presha inapanda, inaukandamiza ubongo na mishipa ya macho, mtu anapoteza kuona au kusikia, na ndo inayoua wengi siku za mwanzo hata dawa ikiwa inaingia. Presha ikirudi juu wanatoa tena, kila siku ikibidi mpaka itulie. Kaka alichomwa zaidi ya mara moja na ya pili hakuhitaji kubembelezwa, mwenyewe alisema nichomeni.

Majibu nayo yalikuja haraka. Wana kijiti cha kupimia ambacho wao wanakiita krag, tone la maji au la damu, dakika 10 mistari imeshatoka. Halafu wakatia na wino mweusi wakatizama kwa darubini, na kijana wa maabara, nilikuwa nimesimama pale mlangoni na cheti, akaniita njoo uchungulie. Nikaona weusi mtupu na ndani yake viduara vyeupe, katikati ya kila kiduara kijipunje. Ule weupe ndo ule utando wake, wino haupiti. Nilimshukuru sana yule kijana, hakulazimika.

Dawa sasa. Muongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2022 umebadilisha mambo, zamani mtu alikuwa anatundikiwa amfoterisini, dawa ya fangasi ya dripu, kila siku wiki nzima au mbili, ni dawa inayotetemesha mwili na kuumiza figo, sasa hivi wanatoa ile ya liposoma, yaani amfoterisini iliyofungwa ndani ya vijitone vya mafuta, mara moja tu, dozi kubwa, miligramu 10 kwa kila kilo. Utafiti uliofanyika Botswana, Malawi, Afrika Kusini, Uganda na Zimbabwe ndo ulionesha kwamba hiyo dozi moja ikienda pamoja na vidonge haipitwi na ile ya kila siku. Kaka ana kilo 60, ni miligramu 600, vichupa 12 vya miligramu 50. Nilimuangalia nesi anavyovichanganya kimoja kimoja, njano, na akanieleza kwamba hii inaingia kwenye dripu ya sukari tu, ukiitia kwenye ya chumvi inaharibika. Kabla yake akamtundikia ya chumvi peke yake na potasiamu ili kuzilinda figo, akausafisha mpira, ndo ikaja ya njano. Kisha vidonge vya fangasi wiki mbili, flusitosini vitatu kila baada ya saa 6, yaani 12 kwa siku, na flukonazo miligramu 1200, ukihesabu vya 200 ni sita. Vidonge 18 kwa siku kwa mtu anaetapika. Tulikuwa tunampa uji mwembamba wa mchele kwanza, tunangoja kidogo, ndo vidonge. Manesi walikuwa wanasimama mpaka ameze, hawaachi kwenye kikopo wakaondoka, hilo nalo naliandika maana sio kila pahala.

Dokta alituambia ukweli pia. Katika utafiti ule ule, hata kwa dawa hii nzuri, karibu mgonjwa mmoja kati ya wanne alikuwa ameshafariki ndani ya wiki 10. Mama alinyamaza sana. Lakini mie napenda kuambiwa, na nadhani mama pia, kwa sababu toka hapo hatukuacha dozi hata moja ipite saa yake.

Baba yeye alikuwa Pemba kwenye simu, na alipoambiwa fangasi huyu anapatikana kwenye udongo na kwenye mavi ya ndege hasa njiwa akasema njiwa wote wa nyumbani leo wanachinjwa. Dokta akaomba simu akaongea nae mwenyewe. Akamwambia mzee, kitu hichi karibu sote tunakivuta puani, kiko kila pahala, mwili wenye kinga unakizima, wa kijana wako kinga ilishuka ndo kikapata nafasi kikatoka mapafuni kikapanda kichwani. Kuchinja njiwa wote hakutamtibu. Ila akasema vizuri tu asiwe yeye wa kusafisha banda. Na kubwa zaidi akamwambia haiambukizi, mtu hampi mtu, mkae nae, mle nae, mlale nae chumba kimoja. Hili lilikuwa na umuhimu kuliko dawa kwa upande mwengine, kwa sababu jirani zetu walishaanza kuulizana kama waje kumtazama au wasije, walisikia uti wa mgongo wakafikiria ile ya kuambukiza. Na ile chanjo ya Hijja inakinga bakteria wa aina nne, huyu fangasi haimuhusu, kwahiyo aliechanjwa asijidanganye na asiechanjwa asijilaumu.

Tuliuliza mbona hamumrudishii ARV mara moja kama ndo tatizo. Nilidhani wamesahau. Kumbe wanasubiri wiki 4 mpaka 6 za dawa ya fangasi kwanza, kwa sababu kinga ikiamka kwa ghafla inamkuta fangasi bado tele kichwani inampiga kwa nguvu, ubongo unavimba na mtu anaweza kufa wakati vipimo vinasema anapona. Ilikuwa ngumu kwa mama kulifahamu, dokta alirudia mara tatu bila ya kununa.

Sasa ile nyota moja imekwenda wapi.

Kuna mfanyakazi mmoja, sio dokta wala sio yule nesi niliemsifu, alipita na rundo la vyeti akasema kwa sauti wodi nzima inasikia, huyu wa kitanda cha mwisho ndo yule mwenye HIV? Kaka alikuwa ameshapata fahamu. Aligeukia ukutani na hakula mpaka jioni. Nilikwenda kwa nesi mkuu wa wodi nikamweleza, alikuja akakaa kitandani kwa kaka akamuomba radhi yeye kwa niaba ya wodi na yule mtu sikumuona tena upande wetu. Wamelishughulikia, nakubali, lakini neno likishatoka limeshatoka, na visiwa vyetu vidogo hivi kila mtu anamjua mtu. Mtu anaacha dawa kwa sababu ya kauli moja ya namna hii, anajificha kuchukua ARV karibu na kwao, siku boti haendi anakosa, anazoea kukosa, ndo anafikia huku. Kama kuna anaefanya kazi hospitali anasoma hapa, naomba kwa heshima zote, cheti kisomwe kimya kimya.

Mengine ni ya kawaida ila yanachosha. Ijumaa jioni mpaka Jumapili maabara mambo yanapungua, tuliambiwa kipimo cha potasiamu kiende nje, nikapanda bodaboda na damu mkononi kutafuta pa kupima, na hiyo dawa inashusha potasiamu hata ukipewa dozi moja kwahiyo sio kipimo cha kungojea. Usiku nesi ni mmoja kwa wodi nzima. Choo asubuhi kizuri, mchana usiulize. Wauguzaji tunalala chini, chukua mkeka na shuka mbili na chandarua, na ndoo yako ya maji. Benchi la mapokezi tulikaa na mtu anaona viwili viwili mpaka adhuhuri imeadhiniwa, wakati barua ya rufaa ilishaandikwa neno "HARAKA" kwa herufi kubwa.

Kwa upande wa pesa dawa yenyewe kubwa hatukuinunua, walikuwa nayo, tulinunua mipira ya dripu, glavu na vitu vidogo vidogo duka la nje, weka na akiba ya pesa ya kupimia potasiamu nje kama nilivosema.

Kitu nilichojifunza humo wodini ambacho ningependa kila mwenye ndugu anaetumia ARV akijue: kile kipimo cha krag kinaweza kuonesha huyu fangasi kwenye damu wiki kadhaa kabla kichwa hakijaanza kuuma, na mtu mwenye CD4, yaani hesabu ya askari wa kinga kwenye damu, chini ya 100 anatakiwa apimwe kabla ya kuanza au kurudia dawa, hata wa chini ya 200 ni vizuri. Akikutwa na fangasi huyu na bado mzima anapewa flukonazo mapema na huenda asifike kitandani kabisa. Mtu aliekata dawa kisha anarudi kliniki aulize, aseme nataka krag, kuna mgonjwa mwengine tuliekaa nae wodini, yeye alilazwa kwa sababu hakujua kama kuna kitu cha kuuliza.

Kaka yuko nyumbani. Jicho moja lilikuwa linavutika kwa ndani, limerudi karibu lote, sikio la kushoto bado ukimuita upande huo anachelewa kugeuka. Amerudi kwenye ARV. Flukonazo alimaliza wiki 8 za miligramu 800, sasa yuko kwenye 200 kila siku na ataendelea nayo mwaka mzima kwa uchache mpaka CD4 ipande, anaichukua hapa hapa Pemba. Kwa anaekwenda kliniki ya marejeo kule Unguja, siku yake ni asubuhi kwahiyo panda boti ya jana yake, na barua ya rufaa chukua ile ile ya mwanzo yenye muhuri, kopi walitukatalia dirishani na ilibidi ile yenyewe ije na boti ya siku ya pili.